Redio Mbili na Plau Moja

Mashine yangu ya kwanza ya kutafuta chuma ilikuwa na mpini wa jembe, duara la chekeche la unga, na redio mbili: moja hai, moja marehemu. Marehemu nilimpasua, nikatoa viungo vyake vya ndani, nikaviunganisha na waya mwembamba wa shaba ambao niliuzungusha kwenye lile duara la chekeche mpaka vidole vikasahau kazi nyingine zote vilizoumbiwa. Yule hai nilimfunga juu ya mpini kwa mpira wa baiskeli. Ukiwasha zote mbili, yule hai alipiga mluzi mrefu. Ukipitisha duara juu ya chuma, mluzi ulibadilika. Siri yote ilikuwa hiyo, wala hakukuwa na nyingine.

Jambo hilo nilijifunza kwenye masomo ya jioni, katika shule ya msingi iliyotuazima madarasa yake watoto wakishakwenda nyumbani. Madawati yalikuwa ya darasa la pili, na sisi watu wazima tulikaa magoti yakitugusa masikio. Mwalimu wetu wa sayansi alitueleza kwamba redio mbili zikikaa karibu husikilizana, na chuma kikijipenyeza kati yao huvuruga mazungumzo. Wenzangu waliandika, wakaenda zao. Mimi sikulala wiki nzima, au tuseme nililala vibaya.

Mchana nilikuwa fundi redio kwenye baraza la duka moja pale Maisaka. Duka lilikuwa limejaa rafu. Juu ya rafu hapakuwa na kitu, lakini mwenye duka alizipangusa kila asubuhi kama vile vumbi ndilo bidhaa. Ilikuwa miaka ile ambayo sabuni ilikuwa habari, mtu akipata kipande mtaa mzima unajua kabla hajakilowesha. Tulifulia majani ya mpapai, tukala unga wa njano, na betri za redio zilikuwa adimu kuliko ushauri mzuri. Betri ikichoka tuliianika juani. Ikichoka zaidi tuliitoboa tukainywesha maji ya chumvi. Ikishindikana kabisa tuliiweka juu ya kabati, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitupa. Watu waliniletea redio, nawaambia redio ni nzima ila ina njaa, wanaondoka nayo kwapani kama mgonjwa aliyeambiwa akapumzike.

Kwa hiyo nilikuwa na muda. Na Babati ikakumbwa na ukame, ziwa likarudi nyuma.

Asiyelijua Ziwa Babati hudhani ziwa hukaa mahali pamoja. La kwetu linapanda na kushuka. Miaka michache kabla ya hapo lilikuwa limefurika mpaka likaingia mashambani na kwenye nyumba za watu, na samaki, kama tulivyopenda kusema, wakawa wanagonga mlango. Sasa lilikuwa limeondoka taratibu na kuacha ufuko mpana wa mchanga wa kijivu na matope yaliyokauka yakapasuka. Kila kilichomezwa kipindi cha mafuriko kilikuwa chini ya ule ufuko. Mimi na mashine yangu tukaanza kwenda huko asubuhi.

Somo la kwanza la kutafuta chuma ni kwamba dunia imejaa vizibo vya soda. Nilichimba vizibo mpaka nikaanza kuwachukia waliokunywa. Nikapata kijiko, nikapata bawaba, nikapata kopo la mafuta ya kupikia lililobanwa likawa kama chapati. Siku moja nikapata kopo la misumari iliyoshikana kwa kutu, na hapo ndipo nilipopata sifa mjini, kwa sababu msumari siku hizo ulikuwa mali. Sifa ikaja na maneno. Ikasemwa natafuta bidhaa ambazo wafanyabiashara walizizika kipindi cha msako wa walanguzi. Balozi wa nyumba kumi alikuja akasimama nyuma yangu nusu siku nzima, mikono mgongoni, akasubiri nifukue shehena ya vitenge. Nilipofukua kizibo kingine akanipa pole akaenda kunywa chai isiyo na sukari.

Mama, ninavyomwita ingawa si aliyenizaa, alikuja kwangu kupitia ukuta. Yeye alikuwa kwenye kisomo, darasa la jirani na letu, wakijifunza kusoma na kuandika, na ukuta wa shule ile ulikuwa mwembamba kiasi kwamba sisi tulijifunza silabi zao na wao walijifunza fizikia yetu. Jioni moja akanisubiri mlangoni. Alikuwa mkulima wa Singe, mtu wa kutoka milima ya Mbulu, mfupi, mnyoofu, mwenye kusema maneno machache na kuyapima kwanza. Nikamwamkia shikamoo Mama, akaitikia marahaba, akaniuliza kama mashine yangu inaweza kusikia plau.

Nikamwambia inaweza kusikia plau, inaweza kusikia treni, inaweza kusikia hata sindano aliyoipoteza bibi yake. Hakucheka. Akaanza kunieleza, na nilivyoendelea kumsikiliza nami nikaacha kucheka.

Mume wake alikuwa na shamba la chini, kando ya ziwa. Mwaka wa mafuriko aliacha plau shambani jioni, kama alivyoacha jioni zote, na maji yakaja kabla ya asubuhi. Ziwa likakaa juu ya shamba lile miaka. Mume akafariki maji yakiwa bado hayajaondoka. Na sasa maji yalikuwa yameondoka.

Jambo lenyewe halikuwa chuma tu. Majirani wale walilima kwa kuungana: mmoja alitoa maksai, mwingine nira na mnyororo, nyumba ya Mama ilitoa plau. Kila siku lilimwa shamba la mmoja wao, kwa zamu, na mwenye chombo alikuwa na zamu. Tangu plau izame, walikuwa wakiazima ya mtu mwingine, ambaye sasa alikuwa amehama nayo, na Mama walimwachia zamu kwa heshima ya marehemu. Lakini plau mpya haikupatikana dukani, haikupatikana kwenye ushirika, na kulikuwa na bwana wa Sigino aliyekuwa na plau yake na alitaka kuingia kwenye kundi. Kundi halikuwa na nafasi ya ziada. Mvua ya kwanza ikianguka, wangeanza kulima na plau itakayokuwepo. Ikiwa ya Sigino, Mama angerudi kwenye jembe la mkono, peke yake, kwenye shamba ambalo mkono mmoja haulimalizi mpaka mvua iishe.

"Sitaki wanilimie kwa huruma," aliniambia. "Nataka wanilimie kwa zamu."

Siku tuliyoanza, mwenye maksai alikuja kutazama. Alikuwa mzee mnene wa Kilutheri, mwimbaji wa besi kwenye kwaya, mwenye sauti iliyoanzia kwenye visigino. Wakati akiimba kanisani, nakuapia, vikombe vya Singe nzima vilitetemeka kabatini. Alinisalimia kwa kuniita Mhandisi. Akaizunguka mashine, akaitazama juu, akaitazama chini, akauliza kama chekeche limeshamaliza kuchekecha unga au litaendelea jioni.

Mama alikuwa amebeba kikapu chake cha ukindu. Akatembea ufukoni taratibu, akitazama mlima Kwaraa, akitazama mti mkavu uliobaki umesimama, akipima kwa macho. Kisha akatua kikapu chini. "Ni hapa," akasema.

Nikapeleka duara pale, na mashine ikalia. Haikulia kama inavyolilia kizibo, ikiruka na kutulia. Sauti ilizama, ikawa nzito, ikakaa huko. Tukasogeza kikapu pembeni tukachimba. Tulichimba shimo ambalo kiboko angeweza kuogea, na hatukuona kitu.

Mama akafikiri. Labda ni mbele kidogo, kwa sababu shamba lilipinda. Akatembea, akatua kikapu. "Hapa." Mashine ikalia vilevile, nzito, bila wasiwasi wowote. Tukasogeza kikapu, tukachimba. Hakuna.

Mpaka jua lilipofika utosini ufuko ulikuwa umegeuka ngozi ya mgonjwa wa surua. Watu walikuwa wamekusanyika. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba plau inawakimbia. Mwingine akasema pengine marehemu hataki ifukuliwe, na nikaona Mama amesikia. Aliacha kutazama mlima akaanza kutazama mikono yake. Mimi mwenyewe, mtu wa sayansi, mwenye magoti yaliyogusana na masikio kwa ajili ya elimu, nilianza kuona baridi mgongoni.

Mwenye maksai ndiye aliyeuliza. Alikuwa amekaa kwenye mchanga, karibu na kikapu, akipunga nzi. Mashine ilikuwa begani mwangu, inaning'inia, nami nikapita mbele yake kwenda kunywa maji. Ikalia.

"Mhandisi," akasema, "mimi nimekula ugali tu. Ndani ya kikapu kuna nini?"

Mama akakivuta kikapu karibu. Kisha akainama akafunua khanga kuukuu, na ndani yake, imepakwa mafuta ya nyonyo, inang'aa kama imetoka dukani jana, kulikuwa na ncha ya plau. Kile chuma cha chini kinachopasua ardhi.

Marehemu, kumbe, hakuwahi kuacha plau kamili shambani. Kila jioni alifungua ncha kwa spana akaenda nayo nyumbani, kwa sababu plau bila ncha ni benchi tu, hakuna mwizi anayeihangaikia. Usiku wa mafuriko ncha ilikuwa chini ya kitanda. Na ilikuwa hapo miaka yote, Mama akiipaka mafuta. Siku ile aliibeba kwa sababu alikuwa na hakika. Alitaka plau ikitoka ardhini ifungwe ncha palepale, irudi nyumbani ikiwa nzima. Na kila alipotua kikapu kuonyesha mahali, alituonyesha kikapu.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwenye maksai alicheka kwa besi. Mimi nilicheka kwa ahueni, kwa kuwa marehemu alikuwa ameondolewa lawama. Mama alikuwa wa mwisho, akacheka kidogo, mkono mdomoni, halafu macho yakajaa. Nilijifanya nahesabu mashimo.

Halafu mluzi ukafifia, ukakata. Betri zilikuwa zimekufa. Tulizimaliza kwa kusikiliza kikapu.

Nimefikiri sana kuhusu asubuhi ile. Mashine haikukosea hata mara moja. Ilituambia ukweli kila tulipoiuliza, na ukweli ulikuwa kwamba chuma tunachokitafuta sehemu yake tunayo, iko hapa, juu ya ardhi, imetunzwa. Sisi tulikuwa na haraka ya kuchimba. Tangu siku hiyo, nikienda kutafuta chuma, kwanza naacha funguo, kisu na mkanda mbali, na kabla ya kuishutumu ardhi najipapasa mifuko. Nimewafundisha wengi kazi hii baadaye na hilo ndilo somo ninaloanza nalo, ingawa wao huwa wanataka tuanze na dhahabu.

Betri nilizianika, zikanipa mluzi wa kuku anayekata roho. Nikazinywesha chumvi, zikavimba. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya Kwaraa mchana, na bwana wa Sigino alikuwa ameshaonekana Singe akiulizia ng'ombe wanaitwaje, ili wamzoee. Nilikaa barazani kwangu na redio za watu zenye njaa, sijui la kumwambia Mama.

Mwenye maksai akaja. Akachomoa kutoka mfukoni betri zilizofungwa kwenye kitambaa, akaziweka mezani moja moja kama mtu anayetoa mayai. Zilikuwa za redio yake. Redio ile ndiyo iliyouletea mtaa wake matangazo ya vifo jioni. Bila hiyo, mtu angeweza kufiwa mkoa wa jirani na asijue mpaka barua ifike.

"Watu wasife wiki hii," akasema. "Nimewatangazia."

Nikamuuliza kwa nini asimchukue tu bwana wa Sigino, plau yake ipo, haina matope. Akakaa kwanza. Akaniambia kwamba katika miaka yote waliyolima pamoja, hakuna kilichomuudhi kama ile ncha. Alfajiri maksai wamefungwa, nira iko shingoni, watu wazima wamesimama kwenye baridi, na hawawezi kuanza mpaka mwenye ncha atokee nyumbani kwake na kikapu. Alimlalamikia marehemu mara nyingi. Marehemu alicheka tu.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa tunaanza alfajiri sana," akasema. "Si vizuri."

Tukapanga safari hii kwa akili. Betri zisingestahimili siku ya kutangatanga, kwa hiyo nikaamua tufundishe masikio kwanza. Tulikwenda ufukoni watatu tu. Tukaizika ile ncha ya Mama mchangani, kwa kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, nikapitisha duara juu yake. Mluzi ukazama. Nikazima. Nikawasha tena, ukazama palepale. Mwenye maksai alikuwa amefumba macho. Akafungua mdomo akaitoa ile sauti, nzito, ndefu, bila kuteleza, na akaendelea kuivumisha kwa pua hata nilipokwisha kuzima mashine. Mtu wa kwaya akishashika noti haitoki. Alitembea nayo ufukoni kama mama anayebembeleza mtoto, nasi tukachukua ncha, tukaipeleka mbali, tukaitundika kwenye ule mti mkavu.

Mama safari hii hakuwa na cha kutua. Alisimama mikono mitupu, akatazama. Akasema kwamba mara ya kwanza alitafuta mahali ambapo yeye angeiacha plau. Sasa alitaka kufikiri ni wapi mumewe angeiacha. Mumewe hakupenda kugeuza maksai upande wa maji, waliogopa viboko. Alimalizia kazi upande wa ua wa katani, kwenye mpaka. Katani zenyewe zilikuwa zimeoza, lakini visiki vyake vilionekana, vimepangana kama meno ya kizee. Tukaanza hapo.

Nilikuwa nawasha, napitisha, nazima. Kila nilipowasha, mwenye maksai aliinamisha kichwa. Kizibo, akasema, bila mimi kuchimba. Kizibo. Bati. Kizibo tena, hawa watu walikunywa sana. Jua lilianza kuinama, na jioni ufuko ule ulikuwa wa viboko, hakuna sayansi ya kubishana nao. Betri zilianza kunyong'onyea. Nikawasha kwenye kisiki cha mwisho ambacho mtu mwenye akili angekubali kujaribu, na mluzi ukashuka, ukashuka, ukakutana na ile sauti iliyokuwa puani mwa mzee, zikawa moja.

Nikazima mashine. Mama alitazama mti mkavu kwanza, kuhakikisha ncha bado inaning'inia huko. Ilikuwa inaning'inia.

Tulichimba kwa mikono mwishoni, tukihofia kuivunja. Ulitoka mkono mmoja wa plau, umeliwa na kutu, halafu wa pili, halafu mwili mzima, mweusi, na matope yaliyoshikilia kana kwamba ziwa lilikuwa bado halijaamua. Gurudumu dogo la mbele halikuwepo, na hatujalipata mpaka leo, ingawa nimelitafuta. Boliti zilikuwa zimeganda. Mzee akaenda kuleta maksai wake, wakaivuta mpaka nyumbani kama jeneza, Mama akitembea kando, ameshika mkono mmoja wa plau.

Boliti alizilainisha Mama mwenyewe, kwa mafuta ya nyonyo, asubuhi na jioni, akazigonga kidogo, akazipaka tena, wakati sisi wanaume tulikuwa tunashauri tupige nyundo. Moja ilivunjika, nyingine zikakubali. Gurudumu tulichonga la mti. Na jioni ya mvua ya kwanza, ardhi bado inanuka, ncha ikaingia mahali pake, ikakaa, kana kwamba ilikuwa imetoka kidogo tu kwenda kunywa maji.

Bwana wa Sigino alisikia habari, akaja kuona kwa macho, akampa Mama mkono, akaondoka na plau yake kutafuta kundi lingine. Alilipata. Alikuwa mtu mzuri, nasema hilo kwa sababu kwenye hadithi hii ameonekana mbaya kwa kosa la kuwa na plau.

Walianza na shamba la Mama. Nilikwenda, nikiwa na sababu ya uongo ya kukagua gurudumu. Plau ilivuma kidogo ilipoingia ardhini, na mwenye maksai, nyuma ya ng'ombe wake, akaivumishia ile noti yake. Mama alifuata nyuma akidondosha mbegu kwenye mfereji, moja moja, bila kutazama pembeni.

Jioni walipofungua maksai, kila mtu alikuwa anatikisa udongo miguuni na kuzungumzia chakula. Mama akapiga magoti mbele ya plau, akatoa spana kwenye khanga, akafungua ncha. Mwenye maksai akamwona. Akamkumbusha kwamba wako shambani kwake, kesho wanahamia shamba la jirani, wezi wamelala, plau haina hata gurudumu la maana.

"Nimesikia, Baba," akajibu, akaipangusa, akaitia kikapuni.

Asubuhi yake nilipita kwenda kazini na baridi ilikuwa ya kupasua kucha. Maksai walikuwa wamefungwa, nira ziko shingoni, na watu wazima wote wamesimama kwenye kona ya shamba, mikono kwapani, wanangoja kikapu.